Unga wa Pangoni

Matiri,
10 Novemba 1968

Mpendwa mdogo wangu Matilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mvua imechelewa na goti la Kilian mume wangu linamsumbua lilelile la siku zote. Shangazi Hildegardi ni mzima, anakusalimu sana. Juzi alipanda hadi shambani kwangu na jembe begani kukagua ngolo zangu, akasema mashimo yale ya kupandia ni ya mwanamke mvivu. Ana miaka sabini na kitu na mimi arobaini na sita, bado ananiita mtoto. Nami naona raha, maana tangu mama atuache wadogo hakuna mwingine wa kuniita hivyo.

Usipa uliotuma kwa lori la Thabiti ulifika. Tulikula siku tatu, harufu ya ziwa ikajaa nyumba nzima. Asante sana.

Sasa nikuambie lililonikaa kooni. Mwaka huu sitaki kujenga pango la Noeli. Unajua ni miaka kumi na minne mimi ndiye ninayelijenga kigangoni kwetu. Mianzi nakata mwenyewe, mawe nabeba mwenyewe, sanamu za plasta nazifuta vumbi moja moja, hata yule ng'ombe aliyekatika pembe. Sijawahi kunung'unika. Lakini Noeli iliyopita ilinitia kinyaa, na kinyaa hicho hakijanitoka hadi leo.

Walianza kunywa mchana wa mkesha. Tulipofika kwenye Gloria nusu ya wanaume walikuwa wameegemea ukuta. Mzee Wendelin, kaka yake Kilian, mzee wa kigango kabisa, akaja mbele kumsujudia Mtoto, akainama, akatapika juu ya kondoo. Matilda, ni mimi niliyewaosha wale kondoo. Pombe ya komoni ikishaingia kwenye plasta haitoki. Watu wakacheka, wakasema sikukuu ni sikukuu.

Basi mwezi wa nane akarudi Osward, mtoto wa dada yake Kilian, kutoka machimbo ya shaba Zambia. Amevaa viatu vya ngozi na ana kijitabu. Akatusomea baada ya chakula. Kinasema tarehe ishirini na tano Desemba haimo katika Biblia hata mahali pamoja. Kinasema Warumi wa kale, wapagani, waliisherehekea siku hiyo kuwa ni kuzaliwa kwa jua, wakila na kunywa na kufanya mambo yao, kisha Kanisa likaichukua siku likamvika Yesu. Niliposikia hayo niliwaona wale kondoo. Nikasema kumbe. Kumbe akina Wendelin hawakuiharibu sikukuu, wameirudisha ilikotoka.

Nikaenda kwa Padre alipopita kuungamisha. Hakunikatalia. Akasema, "Mama Emerensiana, siku yenyewe hakuna aijuaye. Wako wanaosema hivyo unavyosema, wako wanaosema wazee wa Kanisa waliihesabu kwa njia yao. Lakini hata kama ni hivyo, chungu cha mganga kikioshwa vizuri kinapikiwa mboga."

Nikamwuliza, "Padre, wewe ungeila hiyo mboga?"

Akacheka, akaniambia niende nikasali. Kama angeila hakusema.

Hata Ausi mwenye duka, Mwislamu wa Kilwa, nilipokwenda kununua mishumaa aliniuliza, "Mama, naambiwa tarehe yenyewe hamna uhakika nayo?" Nikahesabu mishumaa yangu. Akasema, "Mimi sina ugomvi nayo. Karatasi za rangi kila Desemba zinaisha."

Lakini lililo kubwa bado. Kila mwaka baada ya Epifania, ninapobomoa pango, nakuta unga chini ya majani makavu. Ni kidogo tu, kama kibaba. Miaka yote nilidhani ni vumbi la bungua kwenye mianzi, au panya wameuleta. Januari hii nimeukuta juu ya jani la mgomba, na jani limekunjwa pembe zote nne kwa mkono wa mtu. Ulishaota ukungu, wa kijivu, wadudu wanatembea ndani. Nikautupa kwa kijiti. Unamkumbuka babu kabla hajabatizwa, alivyokuwa akiweka unga juu ya jani pale chini ya mti, kuwaomba mahoka, mizimu ya ukoo, walete mvua? Ni jani lilelile na mkunjo uleule. Yupo mtu analeta tambiko mbele ya Mtoto Yesu, na mimi miaka kumi na minne namtandikia majani ya kuliwekea.

Kilian ananiambia nijenge, nisiwanyime watoto. Basi nitajenga mara hii ya mwisho, ili nimwone. Na nikimwona nitampeleka mbele ya wazee wa kigango, awe nani awe nani.

Dada yako akupendaye,
Emerensiana

*

Liuli,
25 Novemba 1968

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikaisoma kwa sauti, Edmund mume wangu akasikia. Alicheka sana kuhusu kondoo, kisha akaona haya, maana hata huku kwetu Waanglikana Krismasi ina walevi wake. Mwaka juzi mmoja alianguka na ngoma ziwani. Ngoma ilirudi yenyewe ufukweni asubuhi, yeye tulimtoa kwa ndoano ya wavu.

Mimi sina elimu ya kumjibu Osward. Darasa la nne langu na lako ni lilelile. Ila najua hivi, dada: tangu tuanze kuandikiana, baada ya baba kufariki, kila barua yako ina jambo lililokutia kinyaa. Mara ni wanawake kuimba wamevaa vitambaa vya TANU kanisani, mara ni misa kugeuzwa Kiswahili, mara ni bwana maendeleo kula bila kunawa. Siku nyingine niandikie kitu kilichokupendeza.

Kuhusu unga, nakuomba uuache. Haujamwua mtu. Na kama huwezi kuuacha, basi kabla hujapeleka mtu popote fanya kitu kimoja: usiungoje uoze. Uangalie ungali mpya. Uangalie una rangi gani, umewekwa karibu na sanamu ipi, kisha uushike kwa mkono wako uunuse. Zaidi ya hapo nimekatazwa kusema, na aliyenikataza namheshimu.

Perpetua anakusalimu. Anatimiza kumi na saba mwezi wa tatu, ananizidi kimo. Anauliza mama mkubwa anafananaje. Nimemwambia ajitazame kwenye kioo akiwa amekasirika.

Mdogo wako,
Matilda

*

Matiri,
29 Desemba 1968

Mpendwa Matilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Keti chini ndipo usome.

Mchana wa mkesha nilimaliza pango, nikawaambia watu nakwenda kuoga. Sikwenda. Nilikaa sakristia, mlango nimeuacha wazi kidole kimoja. Nikasali Rozari fungu la kwanza, fungu la pili. Kwenye la tatu akaingia mtu taratibu, peku, kitu amekifunika kwa khanga. Akapiga magoti, akainua majani upande wa Mama Maria, akaweka, akayarudisha vizuri kama mtu anayemfunika mtoto. Akasema maneno kwa Kimatengo, sikuyapata. Aliposimama akashika kiuno, ndipo nilipomjua. Ni Shangazi Hildegardi.

Mkono uliotulea, Matilda. Mkono uliotufundisha ishara ya Msalaba. Miaka yote anakaa benchi la mbele, anakomunika, na chini ya khanga ana tambiko. Nikatoka nje nikatema mate mpaka kinywa kikakauka.

Najua utaniuliza kama niliunusa. Sikuunusa. Umeniandikia habari za rangi na harufu kana kwamba tunanunua samaki. Nilimwita katekista Crispin, akalitoa jani kwa koleo, tukalifungia kabatini.

Siku ya Mtakatifu Stefano wazee walikaa: Crispin, Mzee Wendelin na wengine watatu. Shangazi akaitwa, akasimama katikati. Mimi nilisimama upande wa wazee kwa kuwa nilikuwa shahidi. Crispin akamwuliza, "Bibi, unga huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Umemwekea nani?"

"Mwenyewe anajua."

"Ni wa mahoka?"

Akamtazama Crispin kama anavyotazama ngolo zangu. Akasema, "Mwanangu, hilo siwezi kulisema mbele ya wanaume." Wendelin akasema aliyekosa jibu amekiri. Wakaamua asipokee Komunyo mpaka Pasaka, na benchi la mbele la akina mama asikae. Shangazi akasema asante, akafunga khanga yake, akaenda zake. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyemsindikiza.

Nimetenda haki, na tangu siku ile silali vizuri. Niambie nimetenda haki.

Emerensiana

*

Liuli,
15 Januari 1969

Dada Emerensiana,

Shikamoo.

Niliposoma barua yako nilikwenda ziwani kunawa mikono. Nimenawa kwa sabuni. Halafu nikakaa siku nne bila kukujibu, maana ningekujibu siku ile ningekutukana, na wewe ni mkubwa wangu.

Watu wazima sita. Katekista na koleo. Hakuna hata mmoja wenu aliyenusa?

Ule ni unga wa ulezi, Emerensiana. Ulezi uliokaangwa kwanza, ukasagwa mara mbili ili usikwaruze koo. Ni unga wa uji wa mzazi. Umekunywa uji huo wewe, mara tano, kwa wanao watano, kutoka mkono uleule uliousimamisha katikati ya wanaume. Jani hukunjwa pembe nne ili unga usimwagike njiani. Hata babu hakulibuni yeye, alilikunja kama watu wote wanavyokunja.

Na mambo ya mzazi yanasemwa mbele ya wanaume tangu lini? Ulitaka amweleze Wendelin habari za mwanamke aliyetoka kujifungua?

Nikueleze na nililokatazwa, kwa kuwa katazo halina kazi tena. Mwaka 1952 nilipomzaa Perpetua, baba alikuwa amesema asishuke mtu yeyote kwangu, kwa kuwa nimefunga ndoa katika kanisa la Waingereza. Nilikaa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, namsikiliza kila apitaye nje kama ni mtu wa kwetu. Mama yake Edmund alinipa uji, Mungu ambariki, lakini mzazi anangoja unga wa kwao. Siku ya tisa akaingia Shangazi. Alishuka mlima kwa miguu siku tatu, unga kichwani, miguu imevimba. Baba hakuagwa.

Mimi nikalia. Akaniambia, "Nyamaza, maziwa yatakauka. Wewe si wa kwanza. Yule Maria alizaa ugenini, ndugu hakuna. Wakaja wachungaji, wanaume. Wakaja wale wafalme, wanaume. Mmoja dhahabu, mmoja ubani, mmoja manemane. Hakuna hata mmoja aliyefikiri uji. Tangu nibatizwe, kila Noeli nampelekea kidogo. Usimwambie mtu, cha mzazi hakitangazwi."

Hilo ndilo tambiko lake.

Nilipokuandikia uunuse nilidhani pua yako itakumbuka. Nilikosea kutokusema waziwazi, na kosa hilo ni langu, nalibeba. Lakini lako ni hili. Kwa Maria unga umekwenda miaka yote. Kwangu ulikwenda mara moja, na haukutoka kwako. Ulikuwa na miaka thelathini, una mume na ghala lako mwenyewe, na lori lilikuwa likishuka. Baba alikukataza miguu. Mkono hakuukataza. Uliona kinyaa tu, kama kawaida yako. Sikuwahi kukuambia.

Osward ana kijitabu cha kuonyesha upagani ulikoingilia. Akitaka nimwonyeshe mwingine, aje.

Matilda

*

Matiri,
9 Februari 1969

Matilda,

Barua yako ililetwa shambani. Niliisoma nimesimama ndani ya shimo la ngolo, nikabaki humo.

Sina la kujitetea. Siku hiyohiyo nilikwenda kabatini kigangoni. Jani bado lilikuwapo, nusu panya wamekula. Nikautia ule unga puani. Chini ya ukungu ilikuwapo bado ile harufu ya kukaangwa, kidogo sana, na mara nikajiona nimelala kitandani mwanangu wa kwanza ubavuni, na Shangazi anapuliza kijiko. Nimesema kinyaa maisha yangu yote, Matilda, kumbe sikuwahi kukiona. Nimekiona siku ile. Kilikuwa na uso wangu.

Nikaenda kwake. Nilimkuta anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikamwuliza, "Shangazi, mbona hukuniambia mimi, hata kwa pembeni?"

Akasema, "Wewe ulikuwa umesimama na wao."

Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na nisipige magoti juu ya maharage yake. Tukachambua pamoja. Akanisimulia mengine, hakulirudia hilo.

Kesho yake nikawaita wazee wote. Nikawaeleza kila kitu, hata na uji, hata na maziwa, wakatazama chini. Crispin akasema, "Mama, siku ile hakusema. Unga ni unga. Leo tukigeuza, kesho watu watatuonaje?" Wendelin akasema tumekaa wanawake tumetunga. Hapo ndipo nilipomwambia mbele ya wote: "Shemeji, katika pango lile Mama Maria ameletewa vitu viwili, unga na matapishi. Wewe unajua ulileta kipi, na hakuna aliyekuitia kikao." Lakini hukumu hawakuigeuza. Wakasema tumngoje Padre, na barabara imekatika kwa mvua, haji mpaka Pasaka.

Kwa hiyo kila Jumapili Shangazi anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Mimi nakaa naye. Wakati wa Komunyo tunabaki wote wawili. Hajaniambia nibaki wala hajaniambia niende.

Kuhusu mwaka 1952 sitakuandikia maneno matupu. Nakumbuka nilimwona Shangazi akikaanga ulezi, nikajua anakwenda wapi, nikageuza uso nikaenda kisimani.

Emerensiana

*

Matiri,
28 Desemba 1969

Mpendwa Matilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwaka mzima umeniandikia barua mbili fupi, za salamu tu, na nimezipokea kama zilivyo. Sikulaumu.

Padre alikuja Pasaka, akasikiliza habari zote. Kisha akampa Shangazi Komunyo wa kwanza kabisa, kabla ya wazee. Shangazi amerudi benchi la mbele. Watu wanamwamkia kwa heshima zaidi ya zamani, naye anaitikia, lakini kutembea kwake kumepungua.

Noeli imepita. Nilijenga pango. Osward aliniuliza, "Mama, si ulisema ni siku ya jua ya wapagani?" Nikamwambia kijitabu chako sina cha kukijibu, tarehe siijui na Padre haijui. Najua alizaliwa siku fulani, na siku hiyo mama yake alikuwa na njaa. Akasema hilo si jibu. Labda si jibu. Wendelin alilewa kama kawaida, ila safari hii alisujudu akiwa mbali.

Leo asubuhi sikungoja Epifania. Nikaingia kanisani peke yangu nikainua majani upande wa Mama Maria. Hakuna kitu, Matilda. Hapakuwa na jani wala punje. Udongo ulikuwa safi, umefagiwa, kama nilivyoutaka mimi miaka yote.

Nilikwenda kwa Shangazi nikamwuliza. Akasema, "Nimechoka, mtoto. Na sasa wote wanajua. Cha mzazi kikishatangazwa ni maonyesho."

Mimi nilikuwa nimekaanga wangu tangu wiki iliyopita, nimeusaga mara mbili, nikaukunja kwenye jani, nikaufunga juu yake kitambaa cheupe. Nilidhani nitaweka pale badala yake. Nilipopiga magoti mkono uliona haya. Maria nitampelekeaje, na aliyetangulia kuningoja hajapata?

Basi nimempa Thabiti. Nimemwambia akiweke kifurushi mbele kwenye kiti, si nyuma kwenye mapipa ya mafuta. Si cha Perpetua, si cha Edmund, na usimgawie mgeni. Ni chako. Kimechelewa miaka kumi na saba na hulazimiki kukipokea.

Ila kabla hujakitupa, kinuse.

Dada yako,
Emerensiana